Sulisuli wa kuachiliwa huamuliwa kabla chambo hakijagusa maji

Mhariri,

Kaskazi ikishatulia, boti za Malindi, Watamu na Shimoni hutoka alfajiri kutafuta sulisuli na nduaro, samaki wakubwa wenye mdomo mrefu kama mkuki, na kila msimu hoja ile ile huzuka gatini: aachiliwe au aletwe? Wengi hudhani neno hilo huamuliwa samaki akishafika ubavuni mwa boti. Wakati huo huwa wamechelewa. Samaki aliyemeza ndoana hadi kooni, akavutwa kwa muda wa saa mbili kwa mshipi mwembamba, kisha akapandishwa ndani apigwe picha, hata akirudishwa baharini huenda akazama akafa. Hapo kitoweo kimetupwa na bahari haikufaidi kitu.

Mambo yote yanaanzia kwenye ndoana. Ile ya kawaida, yenye umbo la herufi J, haina ubaya mkubwa kwa chambo bandia, kwa sababu samaki hukipiga boti ikiwa mbioni na mara nyingi hunasa mdomoni. Kwa chambo halisi ni hatari. Sulisuli akimeza chuchunge, yule samaki mdogo mwembamba wa chambo, ndoana huteremka naye na kushika tumboni au kwenye matamvua, na moyo wa samaki uko hapo hapo jirani. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imeelekea ndani, huteleza kutoka kooni bila kushika, halafu ikajizungusha na kunasa kwenye pembe ya taya. Iweke mezani: ikilala bapa, inafaa. Ikiwa ncha imepindishwa upande, iache, maana hiyo hushika ndani zaidi. Wala usinunue isiyoshika kutu. Ikibidi ibaki mdomoni mwa samaki, ni heri ioze.

Kuna makosa mawili yanayoiharibu kazi hii. La kwanza ni kuizika ndoana ndani ya chuchunge. Ikizibwa na nyama haiwezi kuzunguka. Ifungwe juu ya kichwa cha chambo kwa mpira mdogo, ikae wazi. La pili ni kushtua ufito kwa nguvu mara samaki anapokula, mazoea tuliyoyapata kwenye ndoana ya J. Mwache aondoke na chambo, hesabu polepole hadi nne au tano, kisha kaza breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kidogo kidogo huku ufito ukimwelekea yeye, mpaka mshipi ujikaze wenyewe. Marekani imeshalazimisha ndoana hizi kwa chambo halisi katika mashindano ya samaki hawa upande wa Atlantiki tangu 2008, na mashindano hayakufa.

Kwa sulisuli mshipi unaohimili kilo 15 kabla ya kukatika unatosha, breki ikiachia mshipi kwa mvuto wa kilo 4 hadi 5, na ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kung'oa nanga, si kwa kukisia kwa mkono. Nduaro anahitaji mshipi wa kilo 37 au 60. Mgeni anayetaka sifa ya kumpata nduaro kwa uzi mwembamba humchosha mnyama huyo hadi misuli yake ikajaa asidi, na nahodha ana haki ya kumkatalia.

Samaki akifika, boti isisimame. Samaki hawa hupumua kwa kuogelea mdomo wazi, maji yapite kwenye matamvua. Wakisimama wanakosa hewa. Nahodha aache gia ya mbele, mwendo wa noti 2 hivi. Baharia avae glavu, aushike mdomo mrefu kwa mikono miwili, vidole gumba vikitazamana, ili samaki akiruka aweze kumsukuma mbali na kifua chake. Kichwa kibaki majini. Ndoana ikionekana, itolewe kwa koleo. Ikiwa imezama, kata mshipi karibu nayo kadiri uwezavyo na usichokonoe. Kisha mshikilie akitazama mbele. Mwanzoni atakuwa na rangi ya shaba iliyofifia na mkia umelegea. Rangi ya buluu ikianza kuwaka ubavuni, pezi la mgongoni likasimama na mkia ukapiga wenyewe, mwachie. Pengine ni dakika mbili, pengine zaidi ya kumi. Kumvuta kinyumenyume ni kumzamisha.

Picha ipigwe akiwa majini. Mgeni anayetaka kumbukumbu ya ukutani hahitaji maiti, kwani sanamu hutengenezwa siku hizi kwa vipimo tu. Weka kamba yenye alama za sentimita, pima kutoka ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia, na ukiweza zungusha kamba mahali alipo mnene zaidi. Zidisha unene kwa unene, kisha kwa urefu, gawanya kwa 28,900. Sulisuli wa sentimita 180 mwenye unene wa 70 atakuwa na kilo 30 na nusu hivi. Taasisi ya African Billfish Foundation iliyopo Watamu inashughulika na tagi za samaki hawa, yaani alama ndogo za kuwatambulisha: tagi huchomwa kwenye nyama ya mgongo, mbali na kichwa na matamvua, na kadi ya taarifa za samaki huyo ijazwe papo hapo. Tagi isiyo na kadi ni jeraha tupu.

Kuhusu ukubwa, watu wengi wanakosea. Dume wa nduaro buluu ni nadra kupita kilo 160, kwa hiyo yule wa kilo 250 anayening'inizwa gatini ni jike, na jike mkubwa ndiye mwenye mayai mengi zaidi. Jikoni nako si yeye bora: samaki wakubwa wa jamii hii hukusanya zebaki mwilini, na wajawazito hushauriwa wasiwale kabisa.

Hatusemi kila samaki aachiliwe. Anayevuja damu nyingi kwenye matamvua, au aliyejizonga mshipi mkiani akafika amekufa, aletwe aliwe. Atolewe damu na matumbo mara moja, afunikwe barafu kilo kwa kilo, kwa sababu akilala juani huleta sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Linabaki la mabaharia, nalo ndilo zito. Kwenye boti nyingi za kukodi samaki ni mali ya boti, na akiuzwa kwa kilo wafanyakazi hupata chochote. Akiachiliwa wanarudi mikono mitupu, huku mgeni akipongezwa kwa wema. Ndiyo maana kulabu ya kumchoma samaki na kumpandisha hutokea haraka wakati mgeni amegeuza shingo. Tunawaomba wenye boti waandike kwenye makubaliano ya safari, kabla ya kuondoka, malipo ya kila sulisuli na kila nduaro anayeachiliwa hai, yagawanywe kati ya nahodha na mabaharia siku hiyo hiyo. Nanyi wahariri, mnapopokea picha ya samaki mkubwa, ulizeni urefu wake na kama aliachiliwa, mkachapishe majibu pamoja na jina la nahodha na la baharia aliyemshika, maana sasa hivi jina linalotoka ni la mgeni peke yake.

Wavuvi wa boti za kukodi,
Watamu, Kilifi