Malalamiko kuhusu nyumba ya mapumziko mliyotukodisha mkidai iko dakika 10 kutoka Lushoto mjini

Dar es Salaam,
30 Juni 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA NYUMBA YA MAPUMZIKO, LUSHOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyekodi, kupitia programu yenu ya simu, nyumba mliyoitangaza hivi: "Nyumba ya mbao katikati ya misonobari, Lushoto. Dakika 10 kutoka mjini. Meko ya kuni sebuleni, maji ya moto saa 24, gari dogo linafika." Nimeshapiga simu, nimeshaandika WhatsApp, na kila nikijibiwa naambiwa "pole kwa usumbufu uliojitokeza". Pole nimeipokea. Kilichobaki ni fedha.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana kijana wenu wa simu alilishikilia sana: silalamikii baridi. Aliniambia hali ya hewa iko nje ya uwezo wa kampuni. Najua. Mtu anayeondoka Dar mwezi wa Juni akapinda Mombo kushika ule mlima wa kwenda Lushoto, anaifuata hiyo baridi kwa makusudi. Mama yangu aliwahi kufundisha Soni akiwa binti, na alitaka wajukuu zake waone ukungu ukipanda kutoka bondeni asubuhi, wavae masweta angalau mara moja katika maisha yao. Baridi tuliipata na tuliifurahia. Tulichokosa ni nyumba ya kuikabili.

Kabla ya kulipa niliwaandikia, kwa sababu mama ana matatizo ya magoti na gari letu ni Toyota IST, gari dogo la chini. Niliuliza nyumba iko upande gani wa mji. Niliuliza barabara ya kuingilia ikoje ikinyesha. Niliuliza kama meko yanafanya kazi kweli au ni pambo. Majibu yenu ninayo: "Ndiyo mpendwa, kila kitu kipo sawa, karibu sana Lushoto." Hamkujibu swali hata moja, mlinikaribisha tu. Nilipouliza tena kuhusu barabara, mkajibu: "IST inafika bila shida."

Haikufika. Kwanza, nyumba haiko dakika 10 kutoka mjini. Ramani mliyonitumia asubuhi ya safari, baada ya malipo, ilitupitisha Lushoto mjini, ikatupandisha Magamba, ikaendelea kutupeleka juu upande wa Shume, kwenye mashamba ya miti. Kwa mtu wa Dar, Lushoto ni Lushoto, na hapo ndipo mlipotupatia. Wilaya nzima inaitwa hivyo. Mtae nako ni Lushoto, Mlalo nako ni Lushoto, na mjini penye benki, hospitali na soko ndiko mnakopiga picha. Mombo iko chini, kama mita 400 tu juu ya usawa wa bahari. Kilomita 33 za kona baadaye uko Lushoto mjini, kama mita 1,400. Huko mlikotupeleka unakaribia mita 2,000. Kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo kutoka mjini hadi kwenye nyumba yenu ni nyuzi 3 hivi zaidi za baridi, usiku, kwa mama mtu mzima, ndani ya nyumba ya mbao yenye mianya. Habari kama hiyo inaamua mtu afungashe blanketi au asifungashe.

Kipande cha mwisho cha kuingia msituni ni udongo mwekundu. Manyunyu yalikuwa yameanza na malori ya magogo yalikuwa yamekwishachimba mifereji miwili mirefu. Gari liliteleza, likakaa upande. Vijana wa pale, Mungu awabariki, walitusukuma tukaliacha kwa mwenye duka, tukakodi pikapu kwa Sh 120,000 kwa kwenda na kurudi. Mama alipanda mbele. Sisi na mizigo na watoto tulikaa nyuma chini ya turubai.

Kuhusu meko: yapo. Ni mazuri kuyatazama, yamejengwa kwa mawe ya mtoni, na kuni tatu zimepangwa ndani kama kwenye picha yenu. Mtoto alipozigusa tukaona zimeota utando wa buibui. Nikamuuliza mzee anayelinda nyumba kama naweza kuwasha. Akakuna kichwa. "Mama, dohani ya kutolea moshi imeziba tangu mwaka juzi. Nimeshawaambia mjini. Wageni wakija huwa nawawekea mkaa." Muda mfupi baadaye akarudi na jiko la mkaa limewaka vizuri, akataka kuliweka chumbani kwa mama yangu na kufunga mlango ili joto lisitoke.

Naomba hapa msome taratibu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala na haamki. Mzee hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatafuta namna ya kutusaidia kwa alichonacho. Lakini akisema "huwa nawawekea mkaa", maana yake ni kwamba tabia hiyo imefanyika kwa wageni wengine, mkijua dohani haifanyi kazi. Mnacheza na roho za watu. Nililikataa jiko, tukalala wote chumba kimoja, mama akiwa na koti, kitenge na soksi za mjukuu.

Maji ya moto ya saa 24 yalikuwa sufuria jikoni. Hita ya umeme ipo ukutani bafuni, waya wake umepigwa fundo na kuning'inizwa kwenye msumari. Kuni ambazo tangazo linasema ni bure tuliuziwa kwa Sh 15,000, za kupikia tu.

Kesho yake tulihama. Tulipata chumba cha kawaida mjini, chenye maji ya moto na blanketi nzito, na likizo ikaanza hapo. Tulipokwenda Irente kutazama uwanda wa Mazinde kule chini, binti yangu ndiye aliyetambua kwamba ile picha ya tano kwenye tangazo, yenye maelezo "mandhari kutoka kibarazani", imepigwa pale pale kwenye mwamba wa Irente. Kibaraza cha nyumba yenu kinatazamana na tangi la maji.

Mnasema kwa mujibu wa vigezo na masharti hakuna kurudishiwa fedha mgeni akishaingia. Mgeni ataujuaje uongo wa tangazo kabla ya kuingia? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza biashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na masharti ya kwenye programu ya simu hayaifuti sheria hiyo. Punguzo la asilimia 10 mlilonipa kwa "safari ijayo" nawarudishia. Safari ya kwenda wapi?

Ninachodai ni hiki: Sh 440,000 za usiku ambao hatukulala kwenye nyumba yenu, Sh 40,000 mlizokata kama ada ya usafi, Sh 120,000 za pikapu na Sh 15,000 za kuni. Jumla Sh 615,000, kwenye namba ile ile ya simu niliyolipia. Usiku wa kwanza sidai, tulilala.

Pia nataka tangazo lirekebishwe kabla hamjampeleka mwingine. Andikeni kijiji, siyo wilaya. Andikeni kimo cha mahali na kwamba usiku wa Juni na Julai ni baridi kali. Semeni wazi kipande cha mwisho cha barabara kinahitaji gari la juu, hasa wakati wa mvua. Ondoeni picha ya Irente. Na hadi dohani itakapozibuliwa, ondoeni neno meko na mpige marufuku mkaa vyumbani, kwa maandishi, leo. Misonobari yenyewe ni mizuri kweli, watu watakuja tu hata mkisema ukweli.

Ombi moja zaidi: mzee yule asikatwe mshahara wala kufukuzwa kwa sababu ya barua hii. Yeye ndiye pekee katika biashara yenu aliyenijibu nilichomuuliza.

Nasubiri malipo ndani ya siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita, nitaipeleka barua hii pamoja na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja

Viambatanisho: nakala ya tangazo, mazungumzo yetu ya WhatsApp, risiti za malipo, picha za meko, hita na barabara.