Kipindi cha majaribio si kibali cha kubagua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo ambalo nililijua na kulinyamazia kwa miaka mingi nikiwa afisa utumishi katika kampuni binafsi za jijini Dar es Salaam. Mwajiriwa aliye kwenye kipindi cha majaribio, na hata mwombaji kazi ambaye hajakabidhiwa mkataba, analindwa na sheria dhidi ya ubaguzi sawasawa na mfanyakazi aliyekaa kazini miaka 20. Waajiri wengi hujifanya hawalijui hilo, na wafanyakazi wengi kwa kweli hawalijui.

Binti mmoja aliyekuwa na miezi minne kazini, kwenye kaunta ya mauzo, alikuja ofisini kwangu na kadi ya kliniki akiomba ruhusa ya asubuhi moja. Niliiandika ruhusa na kupeleka nakala kwa meneja, kama utaratibu wetu ulivyotaka. Meneja hakuuliza habari za afya yake. Alivuta kalenda ya mezani akaanza kuhesabu miezi kwa ncha ya kalamu. Mfanyakazi asiyetimiza miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo, lakini huyu angejifungua akiwa ameshaivuka miezi hiyo, na siku 84 za likizo ya uzazi zingekuwa juu ya kampuni. Wiki mbili baadaye niliandaa barua iliyoeleza kwamba utendaji wake haukuridhisha. Katika jalada lake hapakuwa na onyo hata moja. Aliisoma mara mbili, kwa taabu kidogo kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza kama ulivyokuwa mkataba wake, kisha akaniuliza kama juu ya sahihi yake aandike "nimepokea" au "nimekubali". Nikamjibu kwamba ni mamoja. Si mamoja, nami nilijua.

Kinachowapa waajiri ujasiri wa namna hii ni sharti moja la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mwajiriwa mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri yule yule. Hapo ndipo wanapofunga kitabu. Wangerudi nyuma hadi kifungu cha 7 wangekuta kwamba katazo la ubaguzi halina sharti la miezi. Kifungu hicho kinakataza kumbagua mwajiriwa, moja kwa moja au kwa kuzunguka, kwa sababu ya rangi, kabila au mahali anakotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, virusi vya ukimwi, umri na nyinginezo, na kinatamka wazi kuwa "mwajiriwa" ni pamoja na mwombaji kazi. Sera na taratibu za ajira zinazoguswa zinaanzia kwenye tangazo la kazi na usaili hadi kwenye kuachishwa kazi kwenyewe. Kuvunja katazo hilo ni kosa la jinai.

Lipo na jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri, ambaye ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba ubaguzi haukutokea au kwamba alichokifanya kina utetezi wa kisheria. Kadi ya kliniki yenye tarehe, ruhusa yenye sahihi yangu na barua iliyofuata baada ya siku 14 pasipo onyo wala tathmini: sijui meneja wetu angejibu nini mbele ya msuluhishi.

Utetezi upo, na sitaki nionekane ninaficha. Sifa inayotokana na asili ya kazi yenyewe si ubaguzi. Kampuni ya ulinzi ikitaka mwanamke wa kupekua wanawake getini haijambagua mwanamume yeyote. Lakini nani atanieleza asili ya kazi ya karani wa stoo inayodai "umri usiozidi miaka 25, asiwe na mtoto"? Matangazo ya aina hiyo nimeyaandika mwenyewe.

Kwa aliyepatwa na haya Tanzania Bara, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, na shauri huanzia kwenye usuluhishi. Malalamiko yasiyohusu uhalali wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, na yale ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Aliye na shaka ajihesabie hizo 30. Binti yule hakwenda, kwa kuwa mtu pekee ambaye yeye alimwuliza habari za haki zake nilikuwa mimi.

Sheria hiyo hiyo inamtaka kila mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pake pa kazi. Sikuwahi kuuandaa hata mmoja, wala sikumbuki afisa kazi aliyefika kutukagua akauulizia. Waliulizia mikataba, michango ya hifadhi ya jamii na daftari la mahudhurio. Naiomba ofisi ya Kamishna ianze na swali hilo, kisha maafisa wake waombe majalada ya wote walioachishwa kazi kabla ya kutimiza miezi sita, na wakikuta barua ya "utendaji usioridhisha" isiyo na tathmini nyuma yake, wamtafute mwenye barua wamuulize alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda wapi.

Afisa utumishi mstaafu,
Dar es Salaam