Risala ya Wakazi na Wafanyabiashara wa Mitaa ya Zamani, Moshi Mjini, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu wa kata na mtaa, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana. Tumefarijika zaidi kwamba umekuja kwa miguu kupitia kichochoro, maana waliokutangulia waliishia barabarani.

Historia yetu ni fupi. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, mji ukakua kando ya stesheni, na Moshi ya kule juu ikabaki kuitwa Old Moshi. Wafanyabiashara wenye asili ya India wakajenga nyumba hizi: duka mbele, baraza yenye nguzo, vyumba nyuma, katikati ua. Kahawa ikaunenepesha mji, hasa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilipoanzishwa mwaka 1933. Kwa sheria ya mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo mengi ya kupangisha, na wazazi wetu wakaingia kama wapangaji.

Mheshimiwa, kikundi chetu kimepata mafanikio makubwa. Tumenunua matoroli mawili, tumepaka rangi milango yote ya upande huu, na vijana wetu wanawatembeza wageni wanaosubiri kupanda Mlima Kilimanjaro. Barazani wanakuta cherehani na honi za bodaboda. Wakipenya mlango mwembamba, hatua kumi tu, kimya, mstafeli, akina mama wanachambua mchele, na kilele cha Kibo kimechungulia juu ya mabati.

Shida yetu ni moja: mtaro.

Mtaro wa mawe unaopita nyuma ya nyumba umeziba. Masika ikianza, maji yanarudi uani. Kuta hizi ni za mawe na udongo, zimepakwa chokaa, na chokaa huuacha ukuta upumue. Msingi ukishanywa maji, unyevu hupanda. Palipozibwa kwa plasta ya saruji hukosa pa kutokea, plasta inavimba na kudondoka na udongo wake. Masika iliyopita ukuta wa jiko la bibi mmoja ulilala chini alfajiri. Alikuwa ametoka kuchota maji, tunamshukuru Mungu. Sufuria zake tulizifukua kwa jembe.

Kwa heshima zote, jambo hili si geni. Miaka mitatu iliyopita mgeni rasmi wa siku ile aliahidi mtaro utazibuliwa kabla ya mvua, tukampigia makofi. Wakaja mafundi na futi kamba, wakapima, wakaweka alama nyekundu ukutani, wakaenda. Aliyefuata alisema faili liko mezani. Mwaka jana tuliambiwa tuandike barua upya. Tumeandika, nakala imo katika bahasha tunayokukabidhi. Ile alama nyekundu mvua imeshaanza kuifuta.

Tunaomba mtaro ufukuliwe na kujengwa kabla ya Machi. Tunaomba pia kibali cha kukarabati kuta kwa chokaa, kwani kila tukianza tunaambiwa mpangaji hana ruhusa ya kugusa jengo. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya kuuhifadhi. Sisi tunaomba barua moja yenye tarehe na sahihi. Mawe tumeshakusanya, nguvu kazi ipo.

Mheshimiwa, kabla ya chakula tunakuomba uingie ua ulio nyuma ya turubai hili. Bibi mwenye jiko amekuwekea kiti pale ukuta ulipokuwa.

Tunaomba kuwasilisha.