Barua ya wazi kwa mnaowapeleka watoto chekechea: acheni kuwatoroka

Wanangu,

Nilipostaafu niliahidi kunyamaza. Miaka 31 nimeikalia kwenye vile viti vifupi vya chekechea, magoti yamefika kifuani, na nilidhani niliyoyasema yanatosha. Lakini juzi nimemsindikiza mjukuu wangu siku yake ya kwanza, na pale langoni nikaona jambo lile lile nililolikuta mwaka nilioanza kazi. Usiku sikulala vizuri.

Mama mmoja kijana, amependeza, ana haraka, alimwinamia binti yake akamwambia, "Ningoje hapa, nachukua kitu kwenye gari, nakuja sasa hivi." Kisha akazunguka nyuma ya jengo, akaondoka. Mtoto akabaki pale pale alipoachwa, begi mgongoni, macho kwenye lango. Hakulia. Wazazi waliokuwa karibu wakasifu: huyu ameshazoea, hana usumbufu.

Hajazoea chochote, jamani. Ametii. Ameambiwa angoje, naye anangoja.

Namjua mtoto wa namna hiyo. Miaka yangu ya mwanzo nilimpokea mvulana aliyeachwa kwa maneno kama hayo hayo. Siku nzima alikataa kuvua begi. Alicheza nalo, alikula nalo, wakati wa kulala alilala kifudifudi ili lisimuumize. Ukimwuliza anakujibu kwa adabu kabisa: "Baba anakuja sasa hivi." Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Nyumbani akaanza kumfuata baba yake hadi mlango wa choo, na usiku anaamka kupapasa kama watu bado wapo. Wakaniita wakidhani mtoto amepatwa na jambo.

Alikuwa amepatwa nasi. Maana aliyemnong'oneza baba yule, "Toroka upesi kabla hajageuka," ni mimi mwenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa na walionitangulia, na darasa likikaa kimya tulihesabu kuwa kazi imekwenda vizuri.

Tulichokuja kufanya hakikuwa na ujuzi wowote. Baba alirudi asubuhi moja, akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamwambia, "Siku ile nilikudanganya. Leo nakuaga. Mtacheza nje, mtakula, mwalimu atasoma hadithi, hadithi ikiisha nitakuwa pale mlangoni." Mtoto akalia kilio ambacho sijakisahau, wiki mbili zote zilimtoka siku moja. Lakini hadithi ilipoisha baba alikuwa mlangoni. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu mvulana alilivua begi mwenyewe, akalitundika kwenye msumari wake, akaenda kwenye mchanga.

Sasa angalieni alivyoaga yule baba. Hakusema "saa sita na nusu." Mtoto wa miaka mitatu au minne hana saa kichwani, ana mfuatano wa mambo: kwanza hiki, kisha kile, halafu mama. Mpeni mfuatano. Anzeni kuusimulia siku kadhaa kabla, na mkiweza mpelekeni akaione shule bado tupu, aone chumba, aone choo, aone atakapotundika begi, alijue jina la mwalimu. Siku yenyewe agana naye kwa ufupi: kumbatio, neno moja, geuka uende. Akilia, nenda. Wengi niliowapokea wakilia walinyamaza mzazi akiwa bado barabarani. Anayeaga, akarudi, akaaga tena, kisha akachungulia dirishani machozi yakimtoka, huyo simwoni na hatia kubwa kama mtorokaji, ila anifanyie hisani asichungulie. Na ukisema utakuja baada ya hadithi, uje baada ya hadithi. Ukijua utachelewa, taja mwingine atakayekuja, na huyo awe mtu anayemjua.

La pili ni fupi kwa sababu linanitia hasira. Acheni kumtishia mtoto kwa jina la mwalimu. "Subiri uanze shule, utanyooshwa." Miezi sita mnamjengea zimwi, kisha asubuhi moja mnamkabidhi kwa zimwi hilo na kumshangaa akikojoa.

Sasa masomo, maana najua ndiyo mnayoyangoja. Nakutana na wazazi wanaojisifu kwamba mtoto anaandika hadi mia moja kabla ya kuanza. Mtoto huyo huyo hajui kumwambia mwenzake "nipishe." Nikiwakemea wananijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Haya. Lakini mnakunja nini? Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vifupa 8, na kwa mtoto wa miaka minne baadhi yake bado ni gegedu laini. Mkono huo unataka kufinyanga udongo, kuchana karatasi, kukamua kitambaa cha maji, kufunga na kufungua mifuniko. Penseli itakuja. Friedrich Fröbel alipoanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya nyuzi na vipande vya mbao wachezee, na miaka mitatu baadaye akaipa kazi ile jina la bustani ya watoto. Bustani! Sisi tumeigeuza kitalu cha mitihani. Tunawafanyia usaili watoto ambao bado wanavaa viatu mguu wa kulia kushoto, tunawapanga wa kwanza hadi wa mwisho, halafu tunawavalisha majoho ya mahafali kana kwamba wametoka chuo kikuu. Nimeshuhudia mama akimzomea mtoto wa miaka minne kwa kuwa wa tisa. Wa tisa katika nini, nilimwuliza, katika kuimba?

Someni naye hadithi kila siku, hata ile ile mara arobaini. Mwimbieni. Mhesabu ngazi mkipanda. Kwangu mimi hayo ndiyo masomo ya kabla ya chekechea.

Mengine nayataja tu. Ajue jina lake kamili. Aweze kuvua na kuvaa nguo ya chini bila msaada, kwa hiyo msimnunulie suruali ya mkanda na vifungo vitano. Anawe mikono. Afungue mwenyewe chombo cha chakula chake. Jaribuni nyumbani kwanza. Vitu vyake vyote viandikwe jina. Chanjo zitazamwe kama zimekamilika. Masikio na macho yapimwe, kwa sababu nimewahi kumwita mtoto mkaidi mwaka mzima kumbe hasikii vizuri. Usingizi: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne apate saa 10 hadi 13 kwa siku, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Anzeni kumlalisha mapema wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia shule.

Ah, na maneno ya choo. Kila nyumba ina lugha yake ya siri, lakini mwalimu haijui. Nilikuwa na binti aliyekuja kuniambia, "Nataka kumpigia babu simu." Nikamjibu kwa upole kwamba babu atampigia jioni. Akarudi mara ya pili, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuhitaji tena kumpigia babu. Mama yake alicheka hadi akakaa chini, mimi nilikuwa nimeshika dekio.

Sitawalaumu nyinyi peke yenu. Juzi nilimsindikiza mjukuu mimi kwa sababu mwanangu alinyimwa ruhusa ya saa moja kazini. Saa moja tu, siku moja katika maisha ya mtoto! Mwajiri huyo huyo angempa siku tatu za msiba bila kuuliza. Mnaosimamia watu kazini, nanyi mlikuwa na miaka minne. Mruhusuni mfanyakazi afike amechelewa asubuhi ile, mtapata mtu aliyetulia badala ya mtu anayeitazama simu mpaka jioni. Na akina baba, langoni tunawaona wachache mno. Kuwasha injini na kupiga honi si kusindikiza.

Yule binti wa juzi nilimwuliza mwalimu habari zake nilipokwenda kumchukua mjukuu. Alisema ni mtoto mpole sana, amekaa karibu na mlango siku nzima. Mama yake nimepanga kumtafuta kesho, nitazungumza naye pembeni, si kwa ukali huu.

Naishia hapa, kwani alfajiri si mbali. Mjukuu wangu ameniagiza nisichelewe. Anasema hadithi ikiisha yeye ataangalia dirisha la kushoto, nami nisije nikasimama la kulia.

Ni mimi bibi yenu,
mwalimu mstaafu wa chekechea