Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: hana malaria, sasa ana nini?

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: WAGONJWA WA HOMA AMBAO KIPIMO KINASEMA HAWANA MALARIA

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mfamasia, nipo hapa Moshi mjini. Kazi yangu ni ya dirishani: mgonjwa ananipa karatasi, naisoma, natoa dawa, namweleza namna ya kumeza, anaondoka. Haya ninayoandika wewe unayajua, na watafiti wetu wanayajua kuliko mimi. Asiyeyajua ni yule anayeshuka kwenye daladala la Kahe na karatasi yake mfukoni, na ndiye anayelipa. Ndiyo maana nimeona barua hii isomwe na wengi.

Juzi juzi alikuja baba mmoja, homa imeingia wiki ya pili, kichwa kinamgonga, mwili wote unauma. Karatasi yake ilitoka kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Juu iliandikwa mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, hasi. Chini yake Widal, kipimo cha taifodi, 1:160. Halafu dawa: mseto dozi moja, sipro, sindano za seftriaksoni, diklofenaki, panadoli. Yaani kipimo kimesema hana malaria, na dawa ya kwanza kwenye orodha ni ya malaria. Nikamuuliza kama anafuga. Akacheka, akaniuliza kama nataka kununua mbuzi. Tukaongea. Kumbe mbuzi wake walizaa wiki chache kabla ya homa kuanza, mmoja akakwama, akamsaidia kwa mikono mitupu, kondo la nyuma akalivuta mwenyewe na kumtupia mbwa. Hakuna aliyemuuliza habari hiyo kule alikotoka, naye hakuona sababu ya kuitaja. Nikamwandikia hayo nyuma ya karatasi ileile arudi nayo kwa daktari.

Ndugu Mganga Mkuu, utafiti wa jambo hili haukufanyika ng'ambo. Umefanyika hapa hapa, hospitali za KCMC na Mawenzi, kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008. Waliandikishwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto na watu wazima. Madaktari wa wodini waliwaandikia 528 kati yao kuwa wana malaria. Vipimo vya uhakika vilipokamilika, walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Matokeo yalichapishwa 2013. Ukigawanya, ni chini ya wawili katika kila mia.

Wengine waliumwa nini? Wapo waliokuwa na bakteria kwenye damu, wapo wenye kifua kikuu kilichosambaa, wapo wenye fangasi wa damu, hasa wale wenye VVU. Lakini kundi lililonifanya niweke chai chini ni hili: kati ya wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, kama robo walikuwa nayo. Homa ya mgunda (leptospirosisi), homa ya kupe inayoletwa na bakteria aitwaye riketsia, na homa ya Q na brusela, ambazo mtu anaweza kuzipata akimzalisha mnyama, kama yule baba wa mbuzi. Magonjwa manne ambayo kwenye karatasi zinazopita dirishani kwangu ni nadra kuyaona yameandikwa. Homa ya mgunda tuliisikia redioni Julai 2022, watu walipougua na kufa kule Ruangwa, Lindi, wengine wakitokwa damu puani, nchi nzima ikashtuka. Huku kwetu ilikuwa imeshapimwa na kuandikwa miaka mingi kabla, bila kelele.

Sasa niingie kwenye dawa, maana huko ndiko kwangu. Amoksisilini na seftriaksoni huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wake. Ni dawa nzuri zikimkuta bakteria aliyeko nje, kwenye damu au kwenye mkojo. Lakini riketsia huishi ndani ya seli zenyewe, zile zinazotandaza upande wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Kidudu cha homa ya Q huingia ndani ya seli za kinga na kukaa kwenye kifuko chenye asidi, mahali ambapo bakteria wengine husagwa wakafa. Yeye hapo ndipo anaponawiri. Brusela naye hujificha ndani ya seli hizohizo za kinga. Kuwapelekea hawa amoksisilini ni kumweka mgambo barabarani wakati mwizi amejifungia chumbani. Seftriaksoni inasaidia kwenye homa ya mgunda iliyokuwa kali, hilo nalikubali, lakini kwa riketsia na homa ya Q haifui dafu.

Doksisaiklini ni kitu kingine. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli kirahisi, ikamfikia bakteria humo ndani na kushika ribosomu yake, yaani kile kiwanda kidogo cha kutengenezea protini. Kiwanda kikisimama, bakteria hawezi kuongezeka. Ni dawa iliyoko sokoni tangu 1967, ni ya bei ya chini, na kwangu ipo rafuni muda wote. Inatibu riketsia, inatibu homa ya Q ya ghafla, inatibu homa ya mgunda isiyo kali, na ni nusu ya tiba ya brusela. Wateja huniulizia zaidi kwa ajili ya magonjwa ya zinaa na chunusi.

Naomba niongeze machache kuhusu umezaji wake, kwa sababu hapa dozi nyingi huharibika. Imezwe na maji mengi, mtu akiwa amekaa au amesimama, asilale hapo hapo. Kidonge kikikwama njiani huchoma koo la chakula. Isimezwe pamoja na vidonge vya kuongeza damu wala dawa za kutuliza asidi tumboni, kwa sababu chuma, kalsiamu na magnesiamu huishika dawa ikashindwa kuingia mwilini. Maziwa nayo hupunguza kidogo, si kama kwa tetrasaiklini ya zamani, lakini Mchaga mwenye kibuyu cha mgando asubuhi na jioni ni vizuri aachanishe saa mbili tatu. Na juani ngozi huungua upesi. Mama anayeshuka kukata majani ya ng'ombe tambarare saa sita mchana aambiwe ajifunike. Ukiandika tu "1x2" haya yote hayapo.

Wazazi wengi, na baadhi ya wauguzi pia, huikataa kwa mtoto kwa sababu ya meno. Hofu hiyo ilitokana na tetrasaiklini za zamani, ambazo kweli zilipaka meno rangi. Marekani, watoto wa jamii za wenyeji waliotibiwa homa ya kupe kwa doksisaiklini walichunguzwa meno, na mwaka 2015 ikachapishwa kwamba hawakuonekana na madoa hayo. Madaktari wa watoto kule sasa wanaruhusu dozi fupi, isiyozidi siku 21, kwa umri wowote. (Nikikumbuka meno ya watoto wa Arumeru, ambayo floraidi ya maji ya kunywa imeshayapaka kahawia bila kidonge chochote, huwa nashangaa tumechagua kuogopa kipi.) Kwa mama mjamzito bado haishauriwi, na hapo daktari achague nyingine.

Brusela inahitaji sentensi zake peke yake. Doksisaiklini ikiwa mpweke, ugonjwa hurudi. Inatakiwa wiki sita, pamoja na rifampisini, au ianze pamoja na sindano za jentamisini au streptomaisini. Rifampisini ndiyo nguzo ya dawa za kifua kikuu, na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hajagunduliwa, akipewa rifampisini na doksisaiklini akidhaniwa ana brusela, anatengenezewa usugu. Mkoa wenye Kibong'oto, inakotibiwa TB sugu, hauhitaji kufundishwa hilo. Kwa hiyo siombi brusela itibiwe zahanati. Naomba ishukiwe zahanati na ipewe rufaa.

Homa ya Q nayo ina mkia. Kwa watu wachache, hasa wenye vali za moyo zilizokwisha haribika, kidudu hubaki na kuila vali taratibu kwa miezi. Hapo tiba ni doksisaiklini na haidroksiklorokwini, mwaka mmoja na nusu. Haidroksiklorokwini haimuui bakteria. Inapunguza ukali wa asidi katika kile kifuko anamoishi, ndipo doksisaiklini inapofanya kazi. Ndugu yake klorokwini tuliiacha 2001 kama tiba ya kwanza ya malaria, na wengi wetu tuliagana nayo moja kwa moja; kumbe ukoo huo bado una kazi.

Najua swali lako la kwanza: je, nataka kila mwenye homa apewe antibiotiki? Wanapewa tayari. Uchambuzi uliochapishwa 2017 kwenye jarida la BMJ, ukiwa na takwimu za nchi kadhaa ikiwemo Tanzania, ulionyesha kuwa karibu wagonjwa 7 kati ya 10 walioambiwa hawana malaria waliondoka na antibiotiki. Kipimo kilipunguza mseto, kikaongeza kapsuli. Mimi nabishania ni antibiotiki ipi, na kwa nani. Mwenye mafua hahitaji yoyote, na nitakuwa wa kwanza kumnyima.

Maabara haitatuokoa haraka. Homa ya mgunda, riketsia na homa ya Q huthibitishwa kwa damu ya mara mbili, ya siku ya kuugua na ya wiki kadhaa baadaye, wakati mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Baadhi ya sampuli za utafiti ule zilipimwa Atlanta, Marekani. Widal ndiyo hiyo tunayoitegemea kwa taifodi, nayo hugusa kingamwili ambazo mtu anaweza kubaki nazo tangu aumwe zamani. Kilichobaki mikononi mwa mganga wa zahanati ya Mabogini au Rundugai ni maswali. Unafuga? Kuna mnyama aliyezaa au kutupa mimba karibuni? Nani alimsaidia? Unakunywa maziwa bila kuchemsha? Kuna kupe? Umeingia majarubani? Unafanya kazi machinjioni?

Hilo la mifugo nalisisitiza, kwa sababu watu wakisikia homa ya mgunda wanakimbilia sumu ya panya, nami ni mmoja wa wanaoiuza. Watafiti walitega panya huku kwetu, wakachunguza pia mifugo iliyochinjwa. Kwa panya hawakuukuta ugonjwa. Kwa ng'ombe waliukuta, kama 7 katika kila mia, na kwa mbuzi na kondoo kidogo. Mkojo wa ng'ombe, unaoweza kubeba ugonjwa huo, kwenye banda lililo nyuma ya jiko, kwenye kihamba (shamba la nyumbani) ambako watoto wanapita miguu mitupu, ni jambo la kuzungumzwa na watu wa afya na watu wa mifugo wakiwa meza moja. Kwa sasa ng'ombe akitupa mimba wilayani Hai, habari inaishia kwa afisa mifugo, na mwenye ng'ombe akiugua habari inaishia kwangu.

Ninachoomba, Ndugu Mganga Mkuu, kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako. Maswali hayo yabandikwe kwenye meza ya kila mganga wa zahanati na kituo cha afya, na majibu yaandikwe kwenye rejista. Mtu mzima mwenye homa, asiye mjamzito, asiye na dalili za hatari, kipimo cha malaria kikiwa hasi na maswali yakionyesha wanyama au kupe, mganga aelekezwe kufikiria doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7 kabla ya kufikia sindano. Asipopata nafuu siku ya tatu arudi, apimwe VVU na kifua kikuu, damu yake ioteshwe Mawenzi au KCMC. Mwenye manjano, anayetokwa damu, anayekosa mkojo au anayehema kwa shida asipewe kidonge cha kwenda nacho nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na usimamizi wa robo mwaka ukipita vituoni, pamoja na kuhesabu mseto uliobaki, mhesabu pia wangapi walipewa mseto wakati mRDT ni hasi. Hiyo namba peke yake itakuonyesha pa kuanzia.

Rasimu ya maswali, ukurasa mmoja, nimeileta ofisini kwako kwa mkono pamoja na nakala ya barua hii. Masika yakianza watu wa Lower Moshi wataingia kwenye mpunga na ng'ombe wataanza kufungiwa mabandani. Ningeshukuru kama vituo vingekuwa nayo kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfamasia, Moshi Mjini

Nakala: Afisa Mifugo, Halmashauri ya Wilaya ya Moshi