Gari ni la Juzi, Mbona Limeshafika Gereji?

Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki hapa gerejini kwetu Industrial Area, na mara nyingi anayeuliza bado analipa mkopo wa sacco aliouchukua ili anunue gari hilo kwa bei ya juu. Ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu kamili, kwa maana bei imepanda kwa sababu zake na uimara umepungua kwa sababu nyingine kabisa.

Magari mengi yanayoingia Nairobi ni yale yaliyotumika Japani, na hayaruhusiwi kuingia nchini yakiwa yamepita miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Uhaba wa chipu ulipopunguza kasi ya viwanda vya magari mwaka 2021, watu wengi huko waliendelea kukaa na magari yao, na bei za mnadani zikapanda. Shilingi yetu nayo ilidhoofika hadi takriban 160 kwa dola moja mnamo Januari 2024. Kabla ya hapo, mwaka 2023, ushuru wa forodha ulikuwa umepandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na uzito wake huonekana vizuri mtu akipiga hesabu. Chukua gari lenye injini ya ujazo usiozidi cc 1500, ambalo forodha imelithamini kwa shilingi 1,000,000: ushuru wa asilimia 35 ni 350,000, juu ya jumla hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, yaani 270,000, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 hutozwa juu ya vyote hivyo, yaani 259,200. Hizo ni shilingi 879,200 ambazo mnunuzi hulipa kabla ya ada nyingine za uagizaji, na mwenye yadi hajaongeza faida yake.

Kuhusu uimara, maoni yetu baada ya kufungua injini nyingi ni kwamba chuma hakijawa kibaya, bali gari la leo halisamehi makosa ambayo gari la zamani lilikuwa likiyavumilia. Injini imefanywa ndogo na kufungwa tabochaja, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, ili ibane mafuta, njia za oili ndani yake ni nyembamba, na petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa kuziosha, nazo hujaa masizi. Injini ya namna hii iliyoandikiwa oili nyepesi ya 0W-20 ikimiminiwa ile nzito ya 20W-50 kwa sababu ndiyo tuliyoizoea tangu zamani, inaumia taratibu bila mwenyewe kujua.

Giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ndiyo inayotusikitisha zaidi. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka huku ukibanwa na puli mbili, na usalama wa mkanda huo unategemea oili maalumu ya CVT. Mwezi uliopita mama mmoja wa Buruburu alituletea gari lililokuwa likitetemeka kila linapoondoka kwenye taa. Tulipofungua sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, oili ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, na sumaku zilizo chini ya sampo zilikuwa zimevaa unga wa chuma kama manyoya. Alikuwa ameambiwa, kwa nia njema tu, kwamba oili ya giaboksi hiyo haibadilishwi maisha yote. Kazi ambayo ingegharimu maelfu machache ya shilingi iligeuka kuwa ya kutafuta giaboksi nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road.

Ongeza foleni za Jogoo Road na Mombasa Road, ambako injini hunguruma saa nzima huku kilomita zikisogea chache mno, utaelewa kwa nini tunawaomba wateja wetu wabadilishe oili ya injini kila kilomita 5,000, hata kama kitabu cha gari kinataja umbali mrefu zaidi. Oili ya CVT tunaibadilisha kila kilomita 40,000. Wenye magari ya haibridi, yanayotumia petroli na betri, tunawasihi pia wasafishe kichujio cha fani ya betri, ambacho katika magari mengi kiko karibu na kiti cha nyuma, kwa sababu vumbi letu hukiziba na betri hukosa hewa ya kuipoza.

Ukiwa bado hujanunua, tupigie kabla hujatoa amana. Fundi wetu atakuja hadi yadi na mashine ya kusomea kompyuta ya gari, atazame hitilafu zilizohifadhiwa hata kama taa ya injini imezimwa, alinganishe mileji na uchakavu wa pedali na usukani, akague hali ya oili ya giaboksi, kisha aliendeshe gari likiwa baridi na likiwa moto. Mwombe muuzaji asiliwashe gari asubuhi hiyo kabla hatujafika.