Mwanaume anayeumia asisubiri mpaka atishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme na wenzangu wa harakati za usawa wa kijinsia. Mimi ni mwanamke, harakati hizi ni zangu na sina mpango wa kuzihama. Ninayoyasema nayasema nikiwa humu humu ndani.

Siku hizi tumeanza kuwazungumzia vijana wa kiume waliojitenga, wanaokesha kwenye simu wakiwasikiliza watu wanaowafundisha kuwachukia wanawake. Ni vizuri tumeanza. Kinachonisumbua ni sababu tunazozitoa. Karibu kila mara tunasema tusipowajali watakuja kutudhuru. Maana yake kijana mpweke hulipata sikio letu siku anapoanza kutisha. Yule mwingine anayekwenda kazini, akarudi, akalala bila kuzungumza na mtu, wala hajamtukana yeyote, hatumwoni kabisa. Tumemfanya mwanaume mwenye huzuni kuwa suala la usalama. Anayeumia asikilizwe kwa kuwa anaumia, basi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha vifo hivyo kwa wanaume ni takriban mara mbili ya kile cha wanawake. Humo wamo baba za watu, kaka na wachumba, ambao walio karibu nao waliwauliza hali wakajibiwa "niko poa". Kwa upande wa mauaji, takriban watu wanane katika kila kumi wanaouawa duniani ni wanaume. Tukitajiwa hilo huwa tunajibu haraka kwamba wanauawa na wanaume wenzao. Ni kweli, lakini aliyeuawa hakuichagua jinsia ya muuaji wake, na mama yake hapungukiwi na msiba kwa sababu hiyo.

Najua tulikoutoa ukali huu. Kwa miaka mingi, kila mwanamke aliposimama kueleza kipigo cha nyumbani, alitokea mtu akauliza "na wanaume je?", mazungumzo yakafia hapo. Wengi wa wauliza swali hilo hawakuwa wakimlilia mwanaume yeyote, walitaka tu tunyamaze. Kujilinda dhidi ya hila hiyo ni haki yetu, nami naendelea kujilinda. Ila kuna mtu wa pili, ambaye hakuingilia mazungumzo ya mtu. Amengoja zamu yake, akasema ndoa imevunjika, watoto anawaona kwa nadra, na nyumbani hakuna sauti. Huyu naye akiambiwa "hapa si mahali pake" au "sasa mmejua tulivyojisikia sisi", nauliza: mahali pake ni wapi? Wapo wanaomngoja kwa mikono miwili, na bei yao ni kwamba achukie.

Tena tuna tabia ya kumwambia mwanaume aache kujikaza, na akiacha tunamshusha thamani. "Jikaze kisabuni" haisemwi na akina baba peke yao. Mama huisema, mchumba huisema, na hata ndani ya vikundi vyetu mwanaume anayelia hutazamwa kana kwamba ameomba kitu kisicho chake. Wanaume tunaowakaribisha tunawataka wakiri, wabebe, wasaidie. Azimio la Beijing, lililopitishwa na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake mwaka 1995, liliwahimiza wanaume washiriki kikamilifu katika kuleta usawa, na wito huo ni wa haki. Lakini anayeitwa kusaidia huja na mzigo wake, na sisi hatumuulizi umemwelemea kiasi gani.

Jambo linalonipa imani ni kwamba kazi hii tumewahi kuifanya, tukaifanya vizuri. Marekani, kwa zaidi ya miaka 80, tafsiri ya ubakaji iliyotumiwa na FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, kukusanya takwimu za uhalifu ilimtambua mwathirika wa kike tu. Mvulana au mwanaume aliyebakwa hakuhesabiwa. Tafsiri hiyo ilibadilishwa mwaka 2012, na miongoni mwa walioisukuma kwa nguvu walikuwa wanawake wa harakati, waliopigania maneno yatakayowahusu waathirika wote. Hawakupoteza kitu. Tafsiri mpya iliwafaa wanawake wengi ambao ile ya zamani iliwaacha nje, kwa sababu ilidai nguvu itumike, na ikawaingiza wanaume ambao kwenye takwimu zile hawakuwa na jina. Kila nikisikia kwamba huruma kwa wanaume inatunyang'anya sisi, naukumbuka mfano huo.

Halafu kuna suala la tabaka, ambalo tunadai kulijua kuliko wengine. Tunachambua kwa makini nani ana mali, nani ana madaraka, nani anamfanyia nani kazi. Likitajwa neno "mwanaume", uchambuzi wote unayeyuka: waziri na mlinzi wa usiku wanawekwa kapu moja, kijana asiye na ajira anaambiwa ana upendeleo ambao hajawahi kuugusa. Upendeleo upo, sikatai. Mlinzi yule akirudi nyumbani huenda ana sauti kuliko mkewe, na hilo tutaendelea kulisema. Lakini mtu anaweza kumkandamiza mmoja huku yeye anakandamizwa na wengine watano, na anayeyaona yote mawili ndiye atakayeweza kuzungumza naye akaeleweka.

Ninachoomba si kikubwa. Zile kauli za "wanaume wote ni takataka" tuziache, kwani husomwa na mvulana wa miaka 14 ambaye bado hajamkosea mtu. Mwanaume akisema amepigwa na mwenzi wake, swali la kwanza liwe "umeumia wapi?" kabla ya "ulimfanya nini?", kama tunavyodai aulizwe mwanamke. Na nyinyi wanaume mlio ndani ya harakati, msituachie sisi wanawake kazi yote ya kuwafariji wenzenu. Tembeleaneni, mpigiane simu hata kama hakuna kikao.

Kuhusu fedha, kwa kuwa najua ndiyo hofu ya wengi: nyumba za hifadhi za wanawake zisipunguziwe hata senti moja, kwani bado hazitoshi. Washauri nasaha na simu za msaada kwa wanaume viombewe bajeti ya nyongeza, na barua za kuiomba bajeti hiyo ziwe na saini zetu sisi wanawake pia. Yangu mimi iko tayari.

Msomaji wako,
Mwanaharakati wa usawa wa kijinsia